UZI: Mpango wa Sanaa na Ubunifu S1 na S2, kwa nini hufia muhula wa pili?

#1 Kijiti_cha_Mkaa (Mbale)

Habari zenu walimu. Nina dai, nipingeni.

Mpango wa S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili hapa Uganda) ukiandikwa kwa kufuata orodha ya mada (mstari, umbo, rangi, kivuli, basi) hufia muhula wa pili. Wiki ya tatu darasa zima linapaka gurudumu la rangi. Wiki ya tano rangi nyeupe imekwisha. Muhula wa pili zimebaki penseli tu na watoto wanachora kiatu, wiki baada ya wiki. Wakifika S2 nusu yao wameshaapa kwamba hawajui kuchora.

Mimi nasema mpango uanze na mambo manne: maji, karatasi, mahali pa kukaushia na kabati. Mada zifuate nyuma. Rasimu ni hii. Wanafunzi 70, vipindi viwili vilivyounganishwa vya dakika 40, mara moja kwa wiki. Hesabu wiki 10 za kazi kila muhula, maana wiki ya kuripoti na zile za mitihani si zako.

Muhula 1: mkaa na penseli.
Muhula 2: chapa na ruwaza.
Muhula 3: udongo.

Karatasi: manila (karatasi ngumu) kubwa ya A1 inatoa A3 nane. Kazi tatu kwa kila mtoto ni A3 210, kwa hiyo manila 27 zinatosha muhula mzima.

#2 mfinyanzi_wa_Mukono

Udongo muhula wa tatu? Septemba hadi Novemba huku kwetu mvua haina adabu. Chungu kinachohitaji siku kumi kukauka kitachukua wiki tatu nzima, na wiki tatu zikiisha ndiyo mitihani imefika. Upeleke muhula wa pili: Juni na Julai ni kavu, una upepo, kivuli kinakausha vizuri.

#3 Rula30

A1 haitoi A3 nane, mwalimu. A1 ni A2 mbili, A2 moja ni A3 mbili. Jumla nne. 210 gawa kwa 4 ni 52 na nusu, kata 53, ongeza moja ya kumi kwa za kuharibika: manila 58. Kwa hesabu yako ya 27, karatasi zinakwisha katikati ya kazi ya pili. Labda hapo ndipo mpango unapofia, hatuhitaji nadharia.

#4 Kijiti_cha_Mkaa

@Rula30 asante, nimepokea fimbo. 58.

#5 Otea_Jua (Moroto)

@mfinyanzi_wa_Mukono "huku kwetu" ndiyo shida ya mipango yote inayoandikwa karibu na ziwa. Kaskazini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, Aprili hivi hadi Oktoba. Juni yenu kavu kwetu ni tope. Udongo wetu ni Februari na Machi, muhula wa kwanza kabisa. Ila hapo kuna ugonjwa mwingine: jua na upepo vinakausha ukingo wa chungu kabla ya kitako, kinapasuka mdomoni. Kaveera (mfuko wa plastiki) siku tatu za kwanza si hiari.

#6 nnyabo_brashi

Mnajadili hali ya hewa, watoto wanasema "sijui kuchora". Hilo halina uhusiano na mvua. Ni umri. Viktor Lowenfeld, Mwaustria aliyehamia Marekani, alieleza mwaka 1947 kwamba kuanzia miaka 9 hivi hadi 12 mtoto anaanza kutaka picha ifanane na kitu chenyewe, na baada ya hapo anajihukumu kwa ukali zaidi. Jicho linatangulia mkono. S1 wana miaka 13, 14. Ukiwaanzisha na kuchora kitu kilichowekwa mezani, unawapa mtihani wanaojua watafeli. Anza na kazi ambayo "kufanana" si kipimo: ruwaza, chapa, udongo. Kuchora kuje muhula wa tatu, mkono ukishachangamka.

#7 Ssebo_Pembetatu

Lowenfeld hakuona darasa la watoto 70 na kifutio kimoja. Watoto wanakata tamaa kwa sababu wamezoea kunakili ubaoni tangu msingi. Mwalimu anachora chungu, wote wanachora chungu cha mwalimu. Siku unayowaondolea ubao wanakosa pa kushika. Ni mazoea, wala si umri.

#8 nnyabo_brashi

Na mazoea hayo yanaumaje S2 kuliko P5 (darasa la tano la msingi), kama si umri?

#9 Ssebo_Pembetatu

Kwa sababu P5 hakuna anayechagua masomo. Sanaa ni somo la hiari. Mtoto wa S2 akisema "sijui kuchora" wakati mwingine anakuambia baba hataki kusikia habari za sanaa.

#10 Makavazi

Ugomvi huu mzee kuliko shule zenu. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1957 alitaka wanafunzi wachore kutoka kichwani, hadithi na maisha ya kijijini, wasiige Ulaya. Aliyemfuata, Cecil Todd, akakaza upande wa mbinu na kuangalia kitu kwa makini. Tangu hapo walimu wetu wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi linaona jingine limeharibu watoto.

#11 Rula30

1937, si 1957. 1958 ndipo alipoondoka.

#12 Makavazi

Ni 1937, kidole kimeteleza. Hoja inabaki. Sam Ntiro wa Tanzania na Gregory Maloba wametoka mikononi mwa Trowell, na Maloba ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru pale Kampala, 1962.

#13 kandambili_moja

Ambaye alikuwa Mkenya, msisahau, mnara mnaopigia picha za harusi 😄

#14 Ssebo_Pembetatu

Tulimpa mchanga na saruji zetu, tuko sare.

#15 kandambili_moja (Jinja)

Turudi kazini. Namuunga mkono nnyabo_brashi, muhula wa kwanza uwe chapa, na vifaa viko jalalani. Hivi ndivyo zinavyofanyika kwa watoto 70:

Kandambili kuukuu 18, kila moja inatoa vipande vinne vya sentimita 6 kwa 6, jumla 72. Osha kwa sabuni na brashi, sugua upande laini kwa msasa hadi ile ruwaza ya kiwandani itoke. Mwalimu akate vipande mwenyewe kwa kisu kikali na rula ya chuma. Mtoto achore kwa kalamu ya wino, kisha achimbe kwa ncha ya bikari na wembe uliofungwa utepe nusu. Kina cha milimita 3 kinatosha. Chini ya hapo rangi inajaza mfereji, na chapa inatoka doa tupu.

Rangi: rangi ya unga vijiko 2 katika nusu kikombe cha uji wa muhogo uliopoa. Uzito uwe wa maziwa mtindi. Usichovye kipande ndani ya rangi! Kata sponji ya godoro unene wa sentimita 2, weka kwenye kifuniko cha ndoo, mimina rangi ilowe, mtoto agonge kipande juu ya sponji mara mbili, agonge kwenye gazeti mara moja, ndipo aende kwenye karatasi. Lile la gazeti ndilo linaloondoa rangi ya ziada. Ukiliruka, kila chapa ya kwanza inavuja.

Sponji sita, rangi tatu, watoto 12 hivi kwa kila sponji. Wanaosubiri wanachimba.

#16 Rula30

Uji wa muhogo kwa kipimo gani? Watu huandika "uji" kana kwamba tunakunywa.

#17 kandambili_moja

Unga kikombe 1, koroga kwanza katika maji baridi kikombe 1 hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe 4, mimina huku unakoroga, dakika tatu nne hadi ugeuke kutoka weupe kuwa kama kioo cha ukungu. Ukiuacha mweupe haujaiva, rangi itapukutika ikikauka. Weka chumvi kijiko kimoja usichache.

#18 Ukungu_wa_Kabale

Chumvi usiweke. Chumvi inavuta unyevu hewani. Huku Kabale asubuhi za ukungu karatasi iliyopakwa uji wa chumvi haikauki kabisa, inanata, na zikipangwa kwa rundo zinashikana. Pika kidogo kidogo, wa siku hiyo na kesho, umwage.

#19 mfinyanzi_wa_Mukono

Karafuu zilizopondwa, tatu nne kwa sufuria. Hazinati.

#20 Panya_wa_Stoo

Wakati mnajadili chumvi, panya wamekula maonyesho ya mwisho wa mwaka. Chochote chenye wanga wa muhogo ni chakula: magazeti ya kufinyanga, vinyago, ruwaza. Karafuu haimzuii panya, inamkolezea mchuzi. Kwa kazi ya kuweka muda mrefu tumia gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji sehemu 2. Karatasi zisikae sakafuni, mchwa. Manila mbili zilizoshonwa kando ni jalada la A3, jalada moja kwa watoto watano, zining'inizwe kwa kamba ukutani. Kabati la @Kijiti_cha_Mkaa shule nyingi hazina na hazitapata.

#21 Kijiti_cha_Mkaa

Nimefuta neno kabati, nimeandika kamba.

Ila gurudumu la rangi bado linanikera. Nyekundu na bluu inatoa kahawia, watoto wanaona kitabu kinasema zambarau, wanadhani mkono wao ndio mbovu. Tatizo liko wapi?

#22 nnyabo_brashi

Nyekundu ya bei nafuu imeegemea rangi ya chungwa, yaani tayari ina manjano ndani yake. Ukiiongeza bluu umechanganya zote tatu, lazima itoke kahawia. Tafuta nyekundu iliyoegemea waridi. Kama haipo, ruka zambarau. Na usinunue rangi kwa mafungu sawa. Nyeupe iwe mara mbili ya nyingine, manjano inafuata, nyeusi robo tu, vinginevyo kila kitu kitaishia kijivu cha Ijumaa.

#23 Ssebo_Pembetatu

Nyeupe ikikwisha, chokaa.

#24 Rula30

Chokaa gani? Ya kupaka ukuta inaunguza ngozi na macho, usiwape watoto. Chaki ya ubaoni haina shida, sagia kwenye maji na gundi, ila ikikauka inafifia. Udongo mweupe uliochekechwa ni bora kidogo, nao kwenye gundi unapoteza weupe wake kwa sehemu. Acheni karatasi yenyewe iwe nyeupe, ndiyo nafuu kuliko zote.

#25 Otea_Jua

Au achaneni na gurudumu. Michoro ya miambani ya Nyero, kule Kumi, ina nyekundu na nyeupe tu, miduara ndani ya miduara, na bado inasimama. Wiki tatu za rangi za udongo: kila mtoto alete udongo wa nyumbani kwao kiganja kimoja. Kausha, ponda, chekecha kwa kitambaa cha neti ya mbu kilichokunjwa mara mbili, changanya na gundi ile ya 1 kwa 2. Darasa la 70 linapata rangi zisizopungua kumi bila kununua kitu: nyekundu, njano ya kutu, kahawia tatu nne, kijivu cha bwawani. Udongo wa chini ya mti una mboji. Huo unatoa ukungu baada ya siku chache, ukatae.

#26 Fimbo_ya_Mutuba (Masaka)

Hapo mtaniuliza habari za lubugo, kitambaa cha gome la mti, najua. Ndiyo, gome la mutuba, UNESCO waliitambua kazi yake 2005, lipo kwetu. Lakini msiliweke S1 kama karatasi. Rangi ya maji inasambaa kwenye nyuzi, mstari unakuwa manyoya. Tumia mabaki ya mafundi, vipande vya kiganja, kwa kubandika na kushona. Gundi ya mbao nzito bila maji, bandika, weka tofali juu hadi kesho. Uji wa muhogo unaacha doa jeupe juu ya lubugo.

#27 Mwl_wa_Lugha

Mimi ni wa Kiswahili, nimepotea njia nikaingia huku. Tangu mtaala wa 2020 Kiswahili ni lazima S1 na S2, kwa hiyo watoto wenu wote wa sanaa ni wangu pia. Kwa nini kazi ya ruwaza isiwe kanga? Ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (yale maandishi). Mimi nawapa methali, nyinyi mnawapa chapa. Tunaokoa vipindi.

#28 kandambili_moja

Karibu sana. Hii ni dhahabu, na vipimo vinakubali. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, A3 ni 42 kwa 29.7, uwiano unakaribiana mno. Pindo sentimita 4 pande zote, jina kwenye kisanduku cha 20 kwa 3 juu kidogo ya pindo la chini, mji unaobaki. Vile vipande vya 6 kwa 6 ni vikubwa kwa pindo la 4, kwa hiyo kila mtoto akate chake kiwe 4 kwa 4 na kile kinachobaki kiwe cha mji.

Pembe ndizo zinazoua. Ndani ya pindo urefu wa juu ni 34, nao haugawanyiki kwa 4. Mtoto anaanza kushoto, anafika kulia kimebaki kinusu. Aanze pembe nne kwanza, kisha katikati ya kila upande, halafu ajaze akielekea pembeni na kugawa nafasi kwa macho.

#29 Rula30

Au pindo liwe 3.7. 42 toa 7.4 ni 34.6. Bado haigawanyiki. Sawa, kwa macho.

#30 Ssebo_Pembetatu

Leo rula imeshindwa. Pigeni picha.

#31 nnyabo_brashi

Jina msilichonge. Herufi kwenye chapa hutoka kinyume, na mtoto wa S1 akishapata "AYNAP" badala ya "PANYA" hurudia kazi yote. Kama lazima, aandike kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia kidogo, aipindue, afuatishe kutoka nyuma. Vinginevyo jina liandikwe kwa brashi.

#32 Fimbo_ya_Mutuba

Kuna njia ya uzi pia. Uzi wa katani ubandikwe juu ya kipande cha boksi kwa gundi ya mbao, ukauke siku moja, unatoa mistari mizuri kuliko kuchimba na hauhitaji wembe. Kwa S1 ni salama.

#33 kandambili_moja

Uzi ndani ya uzi.

#34 mfinyanzi_wa_Mukono

Sasa mniachie udongo. Kila mtoto gramu 400, donge la chungwa kubwa. Watoto 70 ni kilo 28, tayarisha 35. Loweka, chuja mawe na mizizi, anika kwenye turubai hadi usinate kiganjani. Ongeza vigae vilivyosagwa kama chembe za sukari, sehemu 1 kwa udongo sehemu 5. Kanda dakika kumi hadi viputo vya hewa vitoke, kwa sababu kiputo kimoja kinalipua chungu motoni na kuvunja vya jirani. Ukuta milimita 8.

#35 Ukungu_wa_Kabale

Yote sawa isipokuwa kiputo. Hewa hailipui chungu. Kinacholipua ni maji. Udongo unaoonekana mkavu bado una maji ndani, yakipita nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unavunja ukuta. Chungu chenye kiputo kikikauka kabisa kinachomeka bila neno. Kisicho na kiputo lakini kibichi kinapasuka.

#36 mfinyanzi_wa_Mukono

Vyungu vilivyokandwa vibaya hupasuka zaidi, hilo kila mfinyanzi analijua.

#37 Ukungu_wa_Kabale

Kwa sababu vilivyokandwa vibaya huwa vinene hapa vyembamba pale, na palipo nene hapajakauka. Chungu kiguse shavuni. Kikiwa baridi, maji bado yamo. Kisha vipange kando ya moto saa mbili au tatu ukivigeuza kabla ya kuviingiza shimoni. Moto wa taratibu hadi maji yatoke, ndipo uongeze kuni. Usifunue hadi kesho yake, upepo baridi unavipasua.

#38 Otea_Jua

Vigae navyo vina kazi hiyo hiyo, vinafungua njia ya mvuke. Basi nyote mnasema kitu kimoja.

#39 mfinyanzi_wa_Mukono

Hatusemi kitu kimoja. Nitaendelea kukanda dakika kumi.

#40 Panya_wa_Stoo

Mmesahau maji. Jerikeni ya lita 20 iliyowekwa bomba, ndoo tatu: ya kwanza ya kusuuzia mikono ya udongo, ya pili brashi, ya tatu safi. Ya kwanza isimwagwe kwenye sinki wala mfereji, udongo utaziba. Iache itulie usiku, mwaga maji ya juu, tope lirudi kwenye pipa. Dakika 12 za mwisho ni za kusafisha, kwa hiyo dakika 80 zako ni 60 kwa uhalisi, ukitoa na za kugawa vifaa.

#41 Kijiti_cha_Mkaa

Nimepanga upya. Kusini na kati: M1 chapa na kanga, M2 udongo, M3 mkaa na rangi za udongo. Kaskazini: M1 udongo, M2 chapa ndani ya darasa, M3 vilevile. Sijaridhika na kuweka kuchora mwisho. Alama za tathmini endelevu zinataka kumbukumbu za hatua kwa hatua, na mtoto asiyechora hana rasimu ya kuonyesha.

#42 Ssebo_Pembetatu

Ndiyo maana nasema kuchora kusiwe muhula. Kuwe dakika 10 za mwanzo wa kila kipindi, mwaka mzima, kwenye nusu ya A4, bila kifutio, bila alama. Wiki 30 ni michoro 30.

#43 nnyabo_brashi

Umetoa dakika 10 kutoka kwenye 60 za Panya. Zimebaki 50, na chapa inahitaji 50 kamili.

#44 Ssebo_Pembetatu

Wanaosubiri sponji wachore.

#45 Fimbo_ya_Mutuba

Wanaosubiri sponji wanapigana na sponji.

#46 Kijiti_cha_Mkaa

😂 Nitajaribu kwenye karatasi kwanza. Swali dogo la mkaa wa kuchorea: ukichomwa ndani ya kopo la maziwa unageuka majivu. Kopo limefungwa vizuri.

#47 Otea_Jua

Kifuniko kina tundu?

#48 Kijiti_cha_Mkaa

Matundu matano, moshi utoke.

#49 Otea_Jua

Mengi mno, hewa inarudi ndani. Tundu moja la msumari mwembamba. Vijiti vikavu vya unene wa penseli, vimenywe gome, vibanane hadi visitikisike. Mti mlaini, mgumu unakwaruza karatasi. Moshi ukikoma tunduni, toa kopo motoni, ziba tundu kwa udongo mbichi, na usifungue hadi lipoe kabisa. Likiwa vuguvugu, ukifungua tu, vijiti vinashika moto mkononi mwako.

#50 Rula30

Kopo la gramu ngapi? Halafu vijiti vingapi?